Kabla Hujanunua Lenzi Moja ya Kila Kazi

Boksi la lenzi ya aina hii lina maandishi makubwa na maandishi madogo. Makubwa ni milimita, 18-200 au 18-400, na hayo ndiyo muuzaji anayokusomea kwa sauti. Madogo ni namba zinazofuata herufi f, 3.5-6.3, ambazo mara nyingi hakuna anayezisoma, si muuzaji wala mnunuzi. Halafu kuna herufi mbili tatu zinazobadilika kwa kila kampuni: IS kwa Canon, VR kwa Nikon, VC kwa Tamron, OS kwa Sigma, OSS kwa Sony. Zote zina maana moja, kwamba ndani ya lenzi mna kituliza mtikisiko. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba yale maandishi madogo ndiyo yanayoamua kama lenzi itakufaa au la, na kwamba kituliza kinayasaidia kwa nusu tu ya kazi. Kituliza kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi bibi harusi anayeingia ukumbini, wala mtoto anayekimbia mpira. Anayenunua akidhani kituliza kinaziba pengo la yale maandishi madogo ndiye atakayerudi dukani baada ya wiki mbili kulalamika kwamba lenzi ni mbovu, na lenzi haina kosa.

Tuchukue lenzi moja halisi. Mwaka 2015 Tamron walitoa 18-200mm f/3.5-6.3 Di II VC, inayojulikana pia kwa namba B018. Ina uzito wa gramu 400, na Marekani ilianza kuuzwa dola 249. Nikon walikuwa na 18-200 yao yenye VR tangu 2005, na Canon yao yenye IS tangu 2008, lakini hizo ni nzito zaidi, ile ya Canon gramu 595, na bei yake ilikuwa juu sana. Wazo lenyewe ni la siku nyingi: Tamron hao hao walikuwa wametoa 28-200 ya kamera za filamu mwaka 1992, na Canon walileta lenzi ya kwanza ya kubadilishwa yenye kituliza, 75-300, mwaka 1995. Kwa hiyo leo ukikuta B018 ya mkono wa pili haununui majaribio. Unanunua kitu kilichopikwa kikaiva. Ni lenzi ya kamera za sensa ndogo, zile za APS-C kama Nikon D3500 au Canon 250D, na kwenye kamera hizo milimita 200 zinabana picha sawasawa na lenzi ya milimita 300 au 320 kwenye kamera ya sensa kubwa. Upande wa 18 unaingiza familia nzima sebuleni. Upande wa 200 unamtoa mtu mmoja katikati ya umati aliye ng'ambo ya uwanja.

Sasa, kwa nini 6.3? Namba ya f ni matokeo ya kugawanya: urefu wa lenzi kwa milimita, yaani ile namba kubwa ya kwenye boksi, gawanya kwa upana wa tundu linaloingiza mwanga. Milimita 200 ukizigawanya kwa 6.3 unapata tundu la milimita 32 hivi. Ukitaka f/2.8 kwenye milimita 200 hizo hizo, tundu linapaswa kufika milimita 71, na hapo kioo cha mbele lazima kiwe kikubwa, na bomba la lenzi liwe nene, na vioo vya ndani viwe vizito. Ndiyo sababu lenzi za 70-200 f/2.8 wanazobeba waandishi wa habari viwanjani zinakaribia kilo moja na nusu na bei yake inaweza kununua pikipiki. Hakuna fundi aliyezembea hapa. Aliyeahidi wepesi, bei ndogo na mvuto mrefu kwa pamoja hakubakiwa na cha kupunguza isipokuwa mwanga, na mwanga ndio uliopunguzwa. Kati ya f/2.8 na f/6.3 mwanga unapungua karibu mara tano. Isitoshe, ile 3.5 ya mwanzo unaipata tu ukiwa kwenye 18. Ukiwa na lenzi mkononi dukani, weka kamera kwenye A au Av, fungua tundu mpaka mwisho, kisha zungusha pete ya kuvuta polepole huku ukiangalia namba kwenye kioo: 3.5, 4, 4.5, 5, 5.6, mpaka 6.3. Angalia inafika 5.6 ukiwa milimita ngapi. Mara nyingi utakuta imefika mapema kuliko ulivyotarajia, na hapo utajua kwamba sehemu kubwa ya kazi yako utaifanyia kwenye giza la lenzi.

Kituliza nacho kipewe haki yake, maana ni kifaa cha ajabu. Ndani ya lenzi mna vihisio vinavyopima jinsi kamera inavyoyumba, na kundi la vioo linaloelea katikati ya sumaku. Mkono ukishuka, kundi lile linasogezwa ili picha inayoangukia sensa ibaki pale pale. Ni kama shingo ya mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani: miguu inapanda na kushuka, shingo inarekebisha, maji hayamwagiki. Ukibonyeza kitufe cha shata nusu utasikia mvumo mdogo, na picha kwenye kioo itatulia ghafla. Subiri hiyo nusu sekunde ndipo umalizie kubonyeza. Wengi hawasubiri, kisha wanasema VC haifanyi kazi.

Kinasaidia kiasi gani? Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema spidi ya shata isiwe ndogo kuliko moja gawanya kwa urefu wa lenzi, kwa hesabu ya sensa kubwa. Kwenye milimita 200 za APS-C ya Nikon maana yake ni 1/300. Makampuni huhesabu nguvu ya kituliza kwa stopu, na stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu. Kituliza cha stopu tatu kinakushusha kutoka 1/300 mpaka karibu 1/40. Cha stopu nne mpaka 1/20. Hiyo si faida ndogo. Ni tofauti ya kupata picha kali ya mlima alfajiri na kupata ukungu mtupu. Ila chunguza hesabu hiyo inahusu nini: mlima, jengo, sanamu, sura ya mzee aliyekaa kimya. Mtu anayetembea kawaida anadai angalau 1/125. Mtoto anayekimbia anadai 1/500, na ndege akiruka huna usalama chini ya 1/1000. Ukimpiga mtu anayetembea kwa 1/40, ukuta wa nyuma yake utatoka mkali kama wembe na yeye atatoka amecheza. Ukiona picha ya namna hiyo kwenye skrini, nyuma safi na mtu kachezacheza, ujue kituliza kimefanya kazi yake kikamilifu. Kilichokosekana ni mwanga.

Kwa hiyo tathmini ya kweli inaanza kwenye mwanga wako, kabla hujaenda dukani. Na habari njema ni kwamba huhitaji lenzi hiyo ili uijaribu. Kila lenzi inaweza kuwekwa f/6.3, hata ile ya 18-55 iliyokuja na kamera. Nenda nayo kule unakopigia picha siku zote, kanisani, ukumbini, kwenye mkutano wa hadhara, kwenye kibaraza saa kumi na mbili jioni. Weka f/6.3, weka ISO ya juu kabisa unayoweza kuivumilia, elekeza kamera kwa watu, soma spidi ya shata. Hiyo ndiyo spidi ambayo 18-200 itakupa ukiivuta mpaka mwisho, hata kama itatoka kwenye boksi jipya.

Mfano wa jua kali: kanuni nyingine ya enzi za filamu inasema chini ya jua la wazi, kwa ISO 100 na f/16, shata ni 1/100. Ukifungua hadi f/6.3 unapata karibu 1/640, na ukipandisha ISO hadi 200 unafika karibu 1/1250. Kwa spidi hiyo hata ndege unampata, na kituliza hakina kazi kubwa ya kufanya. Nchi zetu zina jua hili kwa miezi mingi, na ndiyo maana lenzi ya f/6.3 inawafaa watalii na waongozaji wa mbugani kuliko inavyomfaa mpiga picha wa nchi ya mawingu wakati wa baridi. Sogea kivulini au jioni baada ya jua kuzama, spidi inashuka mpaka makumi, na hapo ndipo kituliza kinapostahili bei yake, mradi unachopiga kimetulia: simba amelala, mashua imeegeshwa, mzee anapiga soga. Halafu ingia ukumbini. Tuseme kamera inakusomea 1/50 kwa ISO 3200 na f/6.3. Mkono wako uko salama kabisa, kituliza kinaweza kushuka chini ya hapo. Lakini bibi harusi anatembea, wapambe wanacheza, bwana harusi anageuka kumnong'oneza shahidi. Ukumbi huo huo ukiwa na lenzi ya f/2.8 ungekusomea karibu 1/250, na hapo wote hao wangesimama ndani ya picha.

Hapa atasema mtu: pandisha ISO, kamera za siku hizi zinavumilia. Ni kweli kwa kiasi, na ni pingamizi la haki. Kamera za APS-C za miaka kumi iliyopita zinatoa picha inayofaa kwa WhatsApp na hata kwa chapa ndogo kwenye ISO 6400, kitu ambacho mwaka 2005 kilikuwa ndoto. Lakini angalia kinachotokea kwa lenzi hizi hasa. Chenga zinazoletwa na ISO ya juu zikijaa, kamera au programu inazilainisha, na ulainishaji unakula kwanza vitu vyembamba: nywele, kope, nyuzi za nguo. Lenzi ya kuvuta mara 11 tayari imelegea kidogo kwenye vitu vyembamba ikiwa upande wa 200. Ukiongeza chenga na ulainishaji juu yake, sura inakuwa kama imepakwa nta. Kila kasoro ingevumilika peke yake. Zikikutana kwenye picha moja, mteja anaona hata kama hajui kuzitaja. Flashi nayo inaokoa hali ukiwa mita tatu nne kutoka kwa mtu, ila ukimvuta kwa 200 kutoka nyuma ya ukumbi, flashi ndogo ya juu ya kamera haimfikii. Kwa hiyo kama zaidi ya nusu ya picha zinazokulipa ni za kazi za ukumbini usiku, jibu lako limeshapatikana: nunua lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni ya bei ndogo na inaingiza mwanga mara 12 ya f/6.3, na ujifunze kusogea kwa miguu.

Kabla hujaamua unahitaji mvuto wa kiasi gani, fungua picha zako za mwaka mzima kwenye kompyuta na uangalie taarifa za kila picha, pale panapoandikwa urefu wa lenzi. Mwenye 18-55 atakuta picha zake zimerundikana kwenye 18 au kwenye 55. Zikiwa zimerundikana kwenye 55, na nyingi umezikata pembeni ili kumleta mtu karibu, basi mvuto unaukosa kweli. Zikirundikana kwenye 18, hiyo 200 utaifurahia kwa siku tatu za mwanzo tu. Dakika kumi na tano za kazi hii zina faida kuliko kusoma maoni ya watu mia kuhusu lenzi ambayo wao wanaitumia kwenye mwanga mwingine.

Ukiridhika kwamba mwanga wako unaruhusu, nenda dukani na kamera yako mwenyewe, kadi tupu na ukurasa wa gazeti wenye matangazo madogo madogo, zile safu za viwanja na magari yanayouzwa. Bandika ukurasa ukutani ukiwa umenyooka, simama mbali kiasi kwamba gazeti linajaza picha ukiwa 200, na upige kwa f/6.3, kisha f/8, kisha f/11. Kama hakuna stendi, egemeza viwiko kwenye kaunta. Kuza picha kwenye skrini mpaka mwisho. Tazama katikati kwanza: namba za simu zinasomeka? Kisha pembe nne, moja moja. Pembe zote kufifia kidogo ni jambo la kawaida kwa lenzi hizi. Pembe moja kuwa hovyo wakati tatu zinasomeka si kawaida; maana yake kuna kioo ndani kimekaa upande, na hapo omba nyingine ya aina hiyo hiyo au uache. Lenzi mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana, hasa za bei ya chini, kwa hiyo jaribio la mtu mwingine halikuhusu sana. Linganisha pia f/6.3 na f/8. Lenzi nyingi za kuvuta sana hukaza zinapofungwa stopu kidogo, na kama yako inahitaji f/8 ndipo isomeke, basi ukweli wake ni kwamba ni lenzi ya f/8, na hesabu zote za shata tulizofanya zinashuka tena.

Baada ya hapo pima kituliza peke yake. Weka 1/25 ukiwa 200, piga picha kumi za gazeti lile kituliza kikiwa kimewashwa na kumi kikiwa kimezimwa, bila kuegemea. Hesabu zinazosomeka. Usitafute moja nzuri, kwa sababu hata bila kituliza bahati hukupa moja. Saba au nane katika kumi ni kituliza kizima. Tatu katika kumi, na bila kituliza mbili, ni kifaa kilichochoka au mkono unaohitaji kujifunza kushika kamera. Rudia na mtu mwingine ili ujue ni kipi. Na kamera ikiwa kwenye stendi, kizime, maana baadhi ya vituliza hutafuta mtikisiko ambao haupo na kuuzalisha wenyewe.

Kuna mengine yatakayojitokeza na hayastahili kukunyima usingizi. Ukiwa 18, mistari ya madirisha itavimba kuelekea nje, na ukivuta kidogo itaanza kujikunja kwenda ndani. Pembe zitakuwa na kivuli. Kingo za mabati dhidi ya anga zitakuwa na uzi wa zambarau au kijani. Haya programu inayasahihisha, na kamera nyingi zinayasahihisha zenyewe kwenye JPEG. Mwenye kupinga atasema picha iliyonyooshwa na programu inapoteza ukali pembeni. Inapoteza, kidogo. Mpiga picha wa majengo anayelipwa kwa mistari iliyonyooka ana haki ya kulalamika, ila yeye hakupaswa kuwa kwenye foleni hii. Jambo moja ambalo programu haiwezi kulirudisha ni hili: lenzi nyingi za aina hii zikielekezwa kwa kitu cha karibu hupunguza mvuto wake. Kwa mbali 200 ni 200. Kwa mita moja, picha inabana kama lenzi fupi zaidi. Ukipiga vipepeo au pete za harusi, jaribu kwa umbali huo huo kabla ya kulipa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la lenzi mbili. Kwa pesa isiyozidi sana, mwenye Canon anaweza kuwa na 18-55 IS STM ya gramu 205 na 55-250 IS STM ya gramu 375, na mwenye Nikon ana jozi yake ya 18-55 na 55-200 zenye VR. Kila moja ina kazi nyepesi zaidi, kwa hiyo inaifanya vizuri zaidi. Kwenye 200 ile 55-250 inatoa picha kali kuliko B018 bila mjadala mrefu. Hili silipingi. Lakini angalia tofauti iko wapi. Kwa mwanga, 5.6 na 6.3 zinapishana theluthi moja tu ya stopu, yaani karibu hakuna. Kwa uzito, jozi ile ni gramu 580 dhidi ya 400. Jozi inashinda kwa ukali, na inashindwa kwa muda. Kubadilisha lenzi kunachukua sekunde kadhaa za mtu aliyezoea, na tembo akikatiza barabara hakusubiri. Na kuna vumbi. Kwenye gari la wazi Serengeti au Tsavo wakati wa kiangazi, kila unapofungua mdomo wa kamera unakaribisha vumbi moja kwa moja kwenye sensa, na madoa yake utayaona kwenye kila anga utakayopiga mpaka kamera isafishwe. Mwenye lenzi moja hafungui mdomo huo kuanzia asubuhi mpaka arudi kambini. Wapo wanaojibu kwamba lenzi inayorefuka nayo huvuta hewa ndani kila unapoizungusha. Ni kweli, na vumbi jembamba hupenya hata humo, lakini vumbi lililonaswa kati ya vioo halionekani kwenye picha kama lile lililokaa juu ya sensa.

Basi uamuzi kati ya hizo mbili hautegemei ipi ni bora. Unategemea kama unaweza kupanga kazi yako. Mpiga picha wa mahafali anajua saa ngapi maandamano yataingia na saa ngapi watu watakaa, ana muda wa kubadilisha, achukue jozi. Mwongoza watalii, afisa ugani anayezunguka mashamba kwa bodaboda na begi moja, mwandishi wa habari wa wilayani anayetumwa bila kuambiwa atakuta nini, hawa ndio lenzi moja ilitengenezwa kwa ajili yao. Kuhusu simu, ambayo wengi huitaja kama pingamizi la mwisho: kwa upana wa 18, simu nzuri ya leo inakaribia sana kamera hii, na usiku huenda ikaishinda kwa sababu inapiga picha nyingi na kuziunganisha. Mvuto ndio unaobaki. Ukitaka kulinganisha kwa haki, piga mtu aliye mita 30 kwa vyote viwili, kisha usome maandishi kwenye fulana yake.

Ukinunua ya mkono wa pili, ukaguzi unabadilika. Anza na kiungio. Lenzi ya Canon haiingii kwenye Nikon, hilo linajulikana; lisilojulikana sana ni kwamba B018 ya kamera za Sony haina VC kabisa, kwa kuwa kamera zile za Sony zilikuwa na kituliza ndani ya mwili. Jina ni karibu lile lile, kifaa hakipo. Herufi kama Di II, DC, DX na EF-S zinakuambia lenzi ni ya sensa ndogo, kwa hiyo usiinunue ukitarajia kuhamia kamera ya sensa kubwa mwakani. Kisha inamishe lenzi ielekee chini ukiwa umeivuta nusu. Ikiteleza yenyewe mpaka mwisho, imechoka, ingawa bado inaweza kupiga picha nzuri. Itakusumbua tu kwenye stendi na ukitembea nayo shingoni. Zungusha pete kutoka 18 hadi 200 ukiisikiliza: mkwaruzo wa mchanga unasikika, na lenzi iliyokaa ufukweni mara nyingi inao. Ukiitikisa kidogo ikiwa haijaunganishwa na ukasikia kitu kikigonga ndani, usishtuke, mara nyingi ni vile vioo vya kituliza vinavyoelea bila umeme.

Linalotakiwa kukuogopesha ni kuvu. Tanga, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, popote penye joto la pwani na unyevu, lenzi iliyofungiwa kabatini ndani ya begi la ngozi huota kuvu kati ya vioo. Fungua tundu, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma ya lenzi huku ukitazama kwa mbele kwa pembe kidogo. Vumbi ni nukta nukta na halina neno. Kuvu ni nyuzi zinazotawanyika kama mizizi au utando wa buibui, na hula mipako ya kioo. Lenzi yenye vioo 16 haifunguliwi na kusafishwa kwa bei inayolingana na thamani yake, kwa hiyo iache hata kama imeshushwa nusu ya bei, na usiiweke kwenye begi moja na lenzi zako nyingine wakati unafikiria. Mikwaruzo nayo iko ya aina mbili. Mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele hauonekani kwenye picha nyingi, isipokuwa jua au taa ikikupiga usoni, na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo. Kwenye kioo cha nyuma, kile kilicho karibu na sensa, hata mdogo unaweza kuacha alama, kwa hiyo hapo usijadili bei. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 na uitazame kabla ya kutoa hela.